Oksidi ya chuma yenye vitundu: njia ya oksaleti, kutoka kwenye bika hadi kwenye betri

Gramu moja ya hematiti, Fe2O3, inaweza kubeba chaji ya mAh (miliampea-saa) 1007 ikiwekwa mkabala na lithiamu. Grafiti, iliyomo kwenye betri ya simu, hubeba mAh 372. Tofauti inatokana na namna chaji inavyohifadhiwa. Grafiti hupokea lithiamu katikati ya matabaka yake na kubaki grafiti. Hematiti huvunjwa kabisa, elektroni 6 kwa kila Fe2O3, ikabaki vipunje vya chuma tupu vilivyozama ndani ya Li2O, kisha ikajengwa upya lithiamu inapotoka. Poizot, Tarascon na wenzao wa Amiens, Ufaransa, walionyesha mwaka 2000 kwamba oksidi za metali za aina hii zinaweza kuvunjwa na kurudi mara nyingi.

Uwezo huo una gharama. Moli moja ya Fe2O3 inachukua ujazo wa sentimita za ujazo 30.4. Ikishavunjwa, chuma na Li2O kwa pamoja vinachukua takriban 58.7. Chembe iliyoshikamana, isiyo na nafasi, hupasuka. Vipande vyake hukosa mawasiliano na karatasi ya shaba inayobeba mkondo, na uwezo huporomoka mapema. Ndiyo sababu tunataka vitundu: chembe ipate pa kutanukia ndani yake yenyewe.

Lakini vitundu kiasi gani? Hapa ndipo naona watu wengi wanapotea, kwa sababu wanakimbilia eneo la uso kubwa kadiri mashine inavyoweza kusoma. Hesabu ya hapo juu inatosha kujibu. Nafasi inayohitajika ni 58.7 ukitoa 30.4, yaani 28.3 kwa kila moli, sawa na takriban sentimita ya ujazo 0.18 kwa gramu. Chembe ikiwa karibu nusu tupu inatosha. Zaidi ya hapo unabeba hewa kwenye betri, na kila mita ya mraba ya ziada itakula elektroliti (kimiminika cha betri) na lithiamu ili kujifunika utando wake katika mzunguko wa kwanza. Mimi nalenga chembe kubwa kwa nje, maikromita moja hadi tano, iliyojengwa kwa punje za nanomita 20 hadi 40 ndani. Inachujika kwa urahisi, inashikamana vizuri kwenye elektrodi, na nano yake iko pale inapohitajika.

Kwa nini oksaleti? Kwa sababu vitundu havichimbwi. Hubaki pale gesi ilipotokea. Oksaleti ya chuma yenye maji, FeC2O4·2H2O, ina densiti ya takriban 2.28, na hematiti 5.26. Moli mbili za oksaleti huchukua sentimita za ujazo 158 na kuacha 30.4 za hematiti. Kama umbo la nje lingebaki bila kusinyaa hata kidogo, asilimia 81 ya chembe ingekuwa tupu, yaani 0.80 kwa gramu. Kwa kweli husinyaa, na hiyo ni nafuu yetu, maana tunahitaji 0.18 tu. Linganisha na gothaiti, FeOOH, ambayo wengi huianzia kwa kuwa ni rahisi kutengeneza: inatoa maji tu, asilimia 10 ya uzito wake, na hata isiposinyaa huacha 0.07 kwa gramu. Haifikii hata nusu ya nafasi inayotakiwa.

Kwenye bika

Anza na salfeti ya feri yenye maji saba, FeSO4·7H2O, gramu 27.8, ambayo ni moli 0.1. Angalia fuwele zake kwanza: ziwe kijani hafifu. Zikiwa na vumbi la kahawia au njano, sehemu ya chuma imekwisha kuoza kwa hewa na kuwa Fe3+, na hiyo Fe3+ haianguki kama mashapo na oksaleti. Inatengeneza changamani ya kijani inayoyeyuka na kupotea na maji ya kuchujia. Dawa yake ni nyepesi. Yeyusha chumvi kwenye mililita 200 za maji yaliyokenekwa, tia mililita 2 za asidi ya salfuriki ya moli 1 kwa lita, kisha tumbukiza msumari safi usio na zinki na upashe moto taratibu. Chuma cha msumari huirudisha Fe3+ kuwa Fe2+, na mmumunyo hutoka kwenye unjano kurudi kijani hafifu. Toa msumari, chuja.

Kwenye bika ya pili yeyusha gramu 13.2 za asidi ya oksaliki yenye maji mawili kwenye mililita 200. Hii ni ziada ya asilimia 5 juu ya moli 0.1, haihitajiki zaidi. Vaa glovu na miwani, na usivute vumbi lake. Asidi hii ni sumu na hudhuru figo.

Mimina oksaliki ndani ya salfeti kwa dakika kama kumi huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka bila kusita. Usishangae kuona hakuna kitu mwanzoni. Mashapo huchelewa, halafu mmumunyo unageuka ghafla ukawa wa njano kama unga wa dengu. Acha ukoroge saa nzima. Halijoto na kasi ndizo zinazoamua ukubwa wa fuwele: ukimimina haraka kwenye maji baridi, viini vinazaliwa vingi kwa mpigo na chembe zinakuwa ndogo mno kuchujika, ukimimina polepole kwenye nyuzi 70 au 80, unapata fuwele kubwa zinazotua chini zenyewe. Joto la chumba, nyuzi 25 hadi 30, linanifaa. Ukitaka vijiti vyembamba zaidi, badilisha sehemu ya maji kwa ethilini glaikoli: oksaleti huyeyuka kwa shida zaidi humo na fuwele hupungua ukubwa.

Uzito wa juu kabisa unaoweza kuupata ni gramu 18.0. Utapata pungufu, kwa kuwa mmenyuko wenyewe unazalisha asidi ya salfuriki na asidi hiyo inashikilia sehemu ya oksaleti kwenye maji. Wapo wanaotumia oksaleti ya amonia ili kuepuka hilo, gramu 14.2 kwa moli 0.1, ila huyeyuka kidogo tu, kwa hiyo maji yaongezwe au yapashwe moto. Jambo la kuogopa ni kuongeza alkali kwa pupa ili mavuno yapande: pH ikipanda, hewa huoksidisha chuma na unaona rangi ya kutu ikichanganyika na njano. Mashapo ya namna hiyo yatupe. Yatakuwa na haidroksidi, na haidroksidi haiachi vitundu vilevile.

Osha kwa maji mara tatu au nne, mililita 200 kila mara. Usiishie kwa kuhesabu, pima. Salfeti iliyobaki hung'ang'ania uso wa oksidi ya chuma na haiondoki kwenye halijoto tutakazotumia. Chukua maji ya kuchujia kidogo, tia matone ya kloridi ya bariamu. Hapa kuna mtego: oksaleti ya bariamu nayo ni nyeupe, kwa hiyo utaona ukungu hata kama salfeti imekwisha. Tia kwanza matone kadhaa ya asidi ya haidrokloriki. Oksaleti ya bariamu huyeyuka humo, salfeti ya bariamu haiyeyuki. Ukungu ukibaki, endelea kuosha. Mwosho wa mwisho uwe wa ethanoli, ili unga usigandamane unapokauka, kisha oveni ya nyuzi 60 hadi 70 usiku kucha.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kuanza na asidi chakavu ya viwanda vya mabati, kwa kuwa imejaa chuma na haina mwenyewe. Inawezekana, ila hakikisha haijatumika pia kuvulia zinki. Oksaleti ya zinki nayo haiyeyuki, itaanguka pamoja na ya chuma, na hakuna kuosha kutakakoitoa. Na mawe ya chuma ya Liganga kule Ludewa, Tanzania, ni magnetiti, Fe3O4, yenye titani na vanadi. Kabla ya kufika kwenye bika hii yana safari ndefu ya kutenganishwa. Jifunze kwanza na chumvi safi.

Kwenye tanuri

Hatua hii ndiyo huharibika kuliko zote, na kwa kawaida sababu ni moja: unga umerundikwa. Tandaza oksaleti kwenye bakuli pana la kauri, unene usizidi milimita 2 au 3. Panda nyuzi 1 kwa dakika hadi 200, kaa saa moja ili maji ya fuwele yatoke. Panda tena kwa mwendo uleule hadi 350, kaa saa mbili, zima na uache tanuri lipoe lenyewe. Hewa lazima iingie na itoke. Kama tanuri ni la bomba, usizibe ncha zake, na moshi wake uelekezwe nje kwa sababu kaboni monoksidi inaweza kuwemo.

Kinachotokea ni 2FeC2O4 + 1.5O2 → Fe2O3 + 4CO2, na mmenyuko huu unatoa joto lake wenyewe. Kwenye tabaka jembamba joto hilo linatawanyika. Kwenye rundo halina pa kwenda: katikati hupanda halijoto kupita kile kinachosomwa na kipimajoto cha tanuri, punje hushikamana, na vitundu hufunga. Wakati huohuo oksijeni haifiki ndani, na kaboni monoksidi iliyonaswa humo hupunguza oksidi kuwa magnetiti. Ukivunja bonge na kukuta moyo wake ni mweusi huku nje ni wekundu wa tofali, ndilo hilo.

Mizani haitakusaidia sana kuligundua. Gramu 10.0 za oksaleti hutoa gramu 4.44 za hematiti au 4.29 za magnetiti, na kidogo kinachopeperuka kama vumbi kinatosha kuificha tofauti. Sumaku ndiyo nzuri. Ipitishe chini ya karatasi yenye unga. Hematiti safi haiitikii sumaku ya kawaida kwa namna utakayoiona. Unga mweusi unaorukia sumaku ni magnetiti. Unga wa kahawia unaorukia ni maghemiti, Fe2O3 yenye mpangilio mwingine wa fuwele, dalili kwamba halijoto ilikuwa ndogo. Rudisha kwenye 400 kwa saa mbili na upime upya. Ukiwa na mashine ya eksirei yenye bomba la shaba, mstari mkubwa wa hematiti uko kwenye pembe ya nyuzi 33.2, na unaofuata 35.6. Tazama nyuzi 30.2: hematiti haina kitu hapo, magnetiti na maghemiti zinacho. Kutegemea 35.6 peke yake hakufai, kwa kuwa zote tatu zina mstari karibu na hapo.

Rangi nayo husema. Wekundu unaoelekea rangi ya chungwa ni punje ndogo. Wekundu ulioiva ni nyuzi 400 na kitu. Ukiona zambarau, umepita mbali, punje zimekua na vitundu vimeungana au kufa.

Usijaribu mpango huuhuu kwenye gesi ya agoni ukidhani utapata magnetiti kwa urahisi. Bila hewa oksaleti huacha mchanganyiko wa FeO, magnetiti na chuma tupu, wenye punje ndogo kiasi kwamba unaweza kuwaka wenyewe ukikutana na hewa. Wanaoufanya hupoza kabisa, kisha huingiza hewa kidogokidogo.

Kupima vitundu bila kujidanganya

Kipimo cha kawaida ni naitrojeni kwa njia ya BET, inayopima eneo la uso kwa gesi inayonata juu yake. Toa hewa na unyevu kwenye sampuli kwa nyuzi 150 chini ya ombwe kwa saa kadhaa, na uweke unga wa kutosha, gramu 0.3 hadi 0.5, ili jumla ya eneo ndani ya bomba isiwe ndogo kuliko kosa la mashine. Kabla ya kuamini namba, ilinganishe na fomula S = 6/(ρd), ambapo S ni eneo kwa gramu, ρ densiti na d kipenyo cha punje. Punje ya mviringo ya nanomita 20 yenye densiti 5.26 ina mita za mraba 57 kwa gramu. Ya nanomita 50 ina 23. Kama hadubini inaonyesha punje za nanomita 50 na BET inasema 120, kuna oksaleti ambayo haijaungua au haidroksidi iliyojificha.

Kwenye mchoro wa ukubwa wa vitundu, kuwa na shaka na kilele chembamba karibu na nanomita 3.8. Ukikokotoa kwa tawi la kutoka kwa gesi, naitrojeni ya kimiminika hutoka kwa kishindo ikifika karibu na shinikizo la uwiano wa 0.42 hadi 0.45, na programu hutafsiri kishindo hicho kuwa kitundu. Kokotoa tena kwa tawi la kuingia. Kikitoweka, hakikuwapo. Namba ninayoitazama kwanza ni ujazo wa vitundu: kati ya 0.18 na 0.25 kwa gramu naendelea kwenye elektrodi, chini ya 0.12 narudi kwenye tanuri.

Elektrodi

Changanya gramu 0.70 za oksidi, 0.20 za kaboni nyeusi na 0.10 za gundi. Gundi iwe CMC, selulosi ya kaboksimethili yenye sodiamu, iliyoyeyushwa kwenye maji kwa asilimia 2, kwa hiyo gramu 5 za mmumunyo. PVDF, gundi ya plastiki iliyozoeleka kwa grafiti, hulainika kwenye elektroliti na kuachia pale oksidi inapotanuka na kusinyaa. CMC hushika uso wa oksidi kwa vikundi vyake vya haidroksili na kaboksili. Saga kwanza oksidi na kaboni vikiwa vikavu kwenye kinu kwa dakika 20, maana kaboni haipendi maji na itaelea ukiitia peke yake. Tia gundi, koroga, kisha subiri robo saa. Unga wenye vitundu hunywa maji, na rojo lililoonekana sawa mwanzoni litakuwa zito. Ongeza maji hapo, si kabla.

Tandaza kwenye karatasi ya shaba kwa unene wa maikromita 150 likiwa bichi. Liache likauke kwa joto la chumba kwanza, halafu nyuzi 60, halafu 110 chini ya ombwe kwa saa 12. Ukilipeleka moja kwa moja kwenye oveni utaona nyufa, na nyufa hizo ndizo zitakazobanduka.

Kisahani cha kipenyo cha milimita 12 kina sentimita za mraba 1.13. Kikiwa na miligramu 1.5 za tabaka kwa kila sentimita ya mraba, oksidi yenyewe ni miligramu 1.19, na mkondo wa kuijaza au kuitoa chaji kwa saa kumi ni takriban miliampea 0.12. Fanya hesabu hii kwa kila kisahani. Fungia seli ndani ya sanduku la glovu lenye agoni, lithiamu upande wa pili, elektroliti ya LiPF6 moli 1 kwenye ethilini kaboneti na daiethili kaboneti nusu kwa nusu, pamoja na asilimia 5 hadi 10 ya fluoroethilini kaboneti ili utando uwe imara. Endesha kati ya volti 0.01 na 3.0.

Volti ya seli itashuka hadi karibu 0.8 na kukaa hapo kwa muda mrefu. Hapo ndipo oksidi inavunjwa. Mzunguko wa kwanza huzidi mAh 1007, kisha hurudisha asilimia 65 hadi 80 tu. Ziada si muujiza, ni elektroliti iliyoungua kuwa utando. Baada ya mizunguko mingi uwezo unaweza kuanza kupanda tena, na wapo wanaoutangaza kama sifa ya vitundu vyao. Sehemu kubwa ni tabaka la ute wa elektroliti iliyooza, linaloundwa na kuyeyuka kila mzunguko kwa msaada wa vipunje vya chuma. Tengeneza kisahani cha kaboni na CMC bila oksidi, kiendeshe vilevile, utoe mchango wake. Na usifiche kwamba chaji hurudi kwenye volti 1.6 hadi 2.0 huku ilishuka kwenye 0.8. Pengo la takriban volti moja ni nishati inayogeuka joto kila mzunguko, na vitundu haviliondoi. Ndilo linaloifanya grafiti ibaki kwenye simu.

Ukitia kaboni kwa kufunika oksidi na glukosi na kuichoma kwenye agoni, jua kwamba kuanzia nyuzi 400 na kitu kaboni huanza kunyang'anya oksijeni, na ulichonacho mwishoni ni Fe3O4 yenye kaboni. Si vibaya, uwezo wake wa kinadharia ni mAh 926. Iite kwa jina lake tu.

Maabara isiyo na sanduku la glovu inaweza kupima unga huuhuu kwenye haidroksidi ya potasiamu moli 1, gramu 56.1 kwa lita, kwa elektrodi tatu. Gundi hapa ibadilike: CMC itayeyuka majini, kwa hiyo tumia PTFE (tefloni) kwa uwiano wa oksidi, kaboni na gundi wa 80:10:10 na uigandamize kwenye sifongo ya nikeli iliyooshwa kwa asidi ya haidrokloriki moli 3 kwa dakika kumi, kisha maji, kisha ethanoli. Rejea iwe ya zebaki na oksidi ya zebaki. Ile ya fedha na kloridi ya fedha huharibika kwenye alkali kali, na usomaji wake huhama kimyakimya. Pima kati ya 0 na −1.0 V, maana haidrojeni inaweza kuanza kutoka tangu −0.93, na ukishuka zaidi unapima maji badala ya chuma. Mkunjo wa kutoa chaji ukiwa na sehemu iliyolala, andika mAh kwa gramu. Faradi, kipimo cha kapasita, ni za mstari ulionyooka. Endesha pia sifongo tupu, na kabla ya yote pitisha naitrojeni kwenye mmumunyo kwa dakika 20, kwa kuwa oksijeni iliyoyeyuka humo hupokea elektroni katika eneo hilohilo la volti na kuifanya elektrodi nzuri ionekane inavuja.